Mlango wa Kushoto wa Gari la Mzee Asava

Tangu ile picha iingie kwenye kundi letu la wasap, simu yangu haijatulia. Nyinyi wenzangu mnaotoka kanisani kila Jumapili na kuja kupanga magari yenu ya kizamani pale mtaa wa Fedha ili tuyakague kama ng'ombe wa mahari, wote mmeuliza swali moja: kwa nini mlango wa kushoto umebaki chuma kitupu? Mmoja amesema tuligongwa na lori. Mwingine amesema nilikosana na Luvai njiani, akaukwangua kwa hasira. Hakuna aliyepata. Nitawasimulia hatua kwa hatua, na mkiona nakawia mahali, mjue ndipo niliposhtuka, maana sijawahi kushtushwa na safari kama nilivyoshtushwa na hii.

Kwa waliojiunga nasi juzi: Luvai ni fundi wa injini, anakaa mtaa wa Huruma hapa Nairobi. Mimi Mutinda nanyoosha na kupaka rangi bodi za magari hapa Kayole, nyuma ya maghorofa ya kupanga, mahali ambapo lazima uangalie juu kabla ya kupuliza rangi kwa sababu nguo za ghorofa ya nne hudondosha maji bila hodi. Gari lenyewe ni la babake Luvai, Mzee Asava wa Vihiga. Ni la michezo, la Kijapani, milango miwili, boneti ndefu, na enzi za ujana wake mzee alishindana nalo kwenye vumbi la nchi hii hadi watu wakalijua kwa mlio.

Miaka kumi na moja iliyopita Luvai alilichukua kwa wiki mbili ili atengeneze injini. Nyinyi mafundi mnazijua wiki mbili zetu. Alilifungua hadi nati ya mwisho, akakosa vipuri, akaona aibu, akanyamaza. Mzee akatuma neno kwamba asikanyage kwake bila gari. Hata mama yake, Kageha, alipozikwa, Luvai alisimama nje ya ua na kuingia kutupa udongo wake watu walipokwisha kutawanyika. Alinihadithia hayo mara moja tu, akiwa chini ya gari, nikiona miguu yake peke yake.

Mwaka huu injini ikawaka tena. Wiki hiyohiyo dadake, Mmbone, akapiga simu. "Macho ya mzee yanaisha," alisema. "Kama utaileta, ilete akiwa bado anaona kitu." Kwa hiyo hatukuwa tunapeleka gari tu. Tulikuwa tunamrudisha mtu kwao.

Kayole hadi Mai Mahiu

Kwanza niwaeleze kuhusu kasha. Ndugu yangu Musyoki ni mchonga vinyago. Nilimwomba anipigie kasha la kubebea vipuri virefu: bampa ya zamani, paipu ya ekzosi, ekseli ya akiba. Nilitarajia mbao za kreti na misumari. Musyoki hajui kufanya kitu ovyo. Aliniletea kasha la mvule lenye urefu wa kunizidi mimi, limepakwa vanishi likang'aa, kifuniko kimechongwa maua pembeni, na vishikio sita vya shaba kwa sababu, alisema, litakuwa zito. Mke wangu aliliangalia, akarudi ndani akiguna. Halikuenea kwenye buti, kwa hiyo tuliliacha limechomoza nyuma na buti tukaifunga kwa kamba.

"Bro wako ni noma," Luvai aliniambia. "Spana zinawekewa maua?"

Majirani walitoka kutuaga. Luvai, ambaye kwa kawaida hasemi sana, siku hiyo alikuwa na maneno. Aliwaita watu waje waone mlango wa kushoto. Pale chini ya dirisha palikuwa na kibonyeo kikubwa tangu utoto wake, nami mwaka juzi nilikiondoa. "Shika hapa," alimwambia kila mtu. "Hakuna puti. Nyundo tupu. Huyu Mutinda ana mikono." Alikuwa na sababu ya kusisitiza. Mzee Asava alikuwa na msemo wake kwamba mafundi wa Nairobi ni watu wa puti, ile rojo ya kufunika kibonyeo bila kukinyoosha, na kwamba ni kupaka uji juu ya kidonda. Luvai alitaka babake apapase gari zima asikute uji. Mimi nilitabasamu, nikaingia ndani ya gari haraka.

Tulitoka vizuri. Injini ilinguruma mpaka watu kwenye steji ya matatu ya Spine Road wakageuka wote kwa pamoja, na mimi nikasahau wasiwasi. Mshtuko wa kwanza ulitusubiri juu ya Bonde la Ufa, pale watu wanaposimama kutazama chini. Tulisimama kupoza breki kabla ya mteremko. Kabla sijafungua mlango, watu wa harusi walikuwa wametuzunguka, suti nyeusi na magauni mekundu, kama kumi na tano hivi.

"Bro, dakika kumi tu, picha mbili," bwana harusi alimwambia Luvai.

Nilifungua mdomo nikatae. Bibi harusi alikuwa ameshapanda juu ya boneti na gauni lake lenye shanga. Juu ya rangi yangu, matabaka matano!  Wasimamizi walifunga riboni nyekundu na nyeupe kila mahali, kwenye vioo, kwenye erio ya redio, kwenye vitasa vya milango. Dakika kumi zikawa saa nzima. Bwana harusi aliegemea mlango wa kushoto, akaugonga kwa pete yake mpya, akauliza nani aliyefanya kazi safi namna hii.

"Huyu hapa," Luvai alisema. "Nyundo tupu."

Walitushukuru kwa sahani za pilau ya moto, na nilipochunguza boneti, sikuona mkwaruzo hata mmoja. Nilitaka kuzitoa riboni. Luvai akasema ziache, zinapendeza, Mzee ataona tumekuja kwa heshima.

Mai Mahiu hadi Nakuru

Karibu na Gilgil sindano ya joto ilipanda. Rejeta ilikuwa inavuja kwenye mshono. Luvai alienda kwenye kibanda cha karibu, akarudi na mayai mawili mabichi, akasubiri maji yapoe kidogo, akayapasua na kuyamimina humo ndani. Nimefanya kazi na magari miaka mingi lakini sikuwahi kuona yai likiziba rejeta kwa macho yangu. Liliganda pale kwenye tundu, uvujaji ukakoma, tukaenda hadi Nakuru tukinuka kiamshakinywa.

Nakuru tulielekezwa kwa mzee mmoja anayechomelea rejeta tu, mtu mfupi, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimcheka Luvai kwa mayai yake, akaing'oa rejeta na kuichomelea. Wakati risasi ya kuchomelea ikipoa, alianza kulizunguka gari. Akatoa kitambaa mfukoni, na ndani ya kitambaa kulikuwa na sumaku.

Nyinyi mnaopiga magari mnajua sumaku inatafuta nini. Chuma inakishika. Puti haiishiki.

Aliitembeza kwenye boneti, ikashika. Mbawa zote mbili juu ya magurudumu, ikashika. Paa, ikashika. Luvai alikuwa akimfuata nyuma akijivuna, akisimulia jinsi nilivyougonga mlango ule siku tatu bila puti hata tone. Yule mzee akafika kwenye mlango wa kushoto. Kikombe cha chai nilichoshika kilinimwagikia viatuni.

Bahati ilikuwa kwamba Luvai aliitwa aje ashike bomba la maji. Mzee akaweka sumaku chini ya dirisha. Ilianguka. Akaidaka kwa kiganja, akaiweka tena, ikaanguka tena. Akanitazama juu ya miwani.

"Ni wewe ulinyoosha hapa?"

"Ni mimi, Mzee."

"Na rafiki yako anajua?"

Niligeuka kumtazama Luvai kule bombani. Aliikunja sumaku kwenye kitambaa chake, akaitia kwenye mfuko wa shati langu, akaupapasa mfuko kidogo. "Kaa nayo," alisema. "Mimi ninayo nyingine."

Basi niwaambie sasa, maana mmeshajua. Ni kweli niliugonga ule mlango siku tatu. Lakini bati la pale lilikuwa limevutika, kila nikilisukuma nje linabonyea tena, likinilia kama kifuniko cha debe. Siku ya nne Luvai alikuwa kazini Huruma. Nilichanganya puti, nikajaza, nikapiga msasa, nikapaka rangi kabla hajarudi. Aliporudi akaniuliza, nikamwapia kwa hii mikono yangu miwili kwamba ni nyundo. Aliishika akaitikisa kwa furaha. Tangu siku hiyo sikupata mlango wa kuutokea uongo ule, na wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa imebakiza kilomita mia mbili.

Nakuru hadi Kericho

Kesho yake mvua ilitupata Mau Summit, mvua yenyewe si ya kunyunyiza. Maji yaliingia chini ya dashibodi na swichi ya taa ikatoa moshi. Luvai aliikata, akaunganisha waya moja kwa moja na betri ili taa ziwake. Ziliwaka, ila sasa hazikuweza kuzimwa bila kusimama na kung'oa waya. "Tutazizimia nyumbani," alisema. Mvua hiyohiyo ilizipata riboni. Zile nyeupe zilikuwa za karatasi, zikanyeshewa zikakatika. Zile nyekundu za kitambaa zilibaki, zimefungwa barabara. Mimi sikulijali hilo. Nilikuwa nikiwaza mlango.

Tulisimama kwenye hoteli ndogo kabla ya Kericho, tukaagiza chai, chapati na ndengu. Mama mwenye hoteli alitoka mlangoni, akalitazama gari kwa muda, akarudi akiwa amejifunga leso vizuri. Alituwekea chai kwa mikono miwili.

"Poleni, wanangu. Mnampeleka wapi?"

"Vihiga, mama, kwa babangu," Luvai alijibu, mdomo umejaa chapati.

"Alikuwa mgonjwa siku nyingi?"

Luvai hupenda kulisema gari kana kwamba ni mtu. "Miaka kumi na moja. Nimekaa naye kwangu hiyo miaka yote."

"Jamani. Wewe peke yako?"

"Na huyu. Lakini mwisho tulimtengeneza vizuri sana, mama. Ukimwona huwezi jua."

Yule mama alifunika mdomo. Kisha akatuongezea ndengu bila kuulizwa, akakataa kabisa tulipe, na tulipoondoka alisimama barabarani ameinamisha kichwa. Luvai alisema watu wa huku wana ukarimu uliozidi. Nilikubaliana naye. Wajinga ndio waliwao, lakini siku hiyo wajinga ndio tuliokula.

Kericho hadi Mbale

Ahero tulikula samaki wa kukaanga kwa ugali, Luvai akanitania kama kawaida kwamba Mkamba akila samaki mkubwa hivi atasahau muthokoi, yale mahindi ya kwao. Huo ndio ulikuwa utani wa mwisho. Baada ya Kisumu barabara inapanda, na lile gari halikupenda kupanda. Joto likaja tena. Luvai aliwasha taa za hatari, zile za kupepesa pande zote mbili, tukaenda pole pole pembeni ya barabara.

Karibu na Kiboswa niliona mzee mmoja akivua kofia. Nikampungia mkono. Hakunipungia. Mbele kidogo wanafunzi walisimama mstari mmoja kimya. Mwendesha boda akapunguza mwendo, akatutazama, akawasha taa yake, akakaa nyuma yetu. Kufika Majengo walikuwa saba nyuma na wanne mbele, wanapiga honi za kuvuta, mmoja amevunja tawi na kulifunga kwenye usukani.

"Wanatushangilia," nilisema.

Luvai alitazama kioo cha pembeni, riboni nyekundu inapepea. Akatazama taa. Akatazama kioo cha kati, akaliona kasha la mvule lenye vishikio sita limechomoza nyuma. 

"Mutinda," alisema polepole. "Si hawa wanadhani tumebeba maiti?"

Riboni nyekundu, taa mchana, kasha: huku ndivyo msafara wa mazishi unavyojulikana. Taa hazikuzimika. Tungesimama, injini ilivyokuwa na joto haingewaka tena. Vijana wawili kati ya wale wanne wa mbele waliongeza mwendo wakapotea kwenye kona, na tulijua wanakoenda. Kila mtu pale Mbale ya Vihiga mwenye umri wa kutosha analijua gari la Asava. Na wote walijua ni nani aliyelichukua.

"Watamwambia Mzee aliyekufa ni mimi," Luvai alisema. 

Uani kwa Mzee Asava

Tulivisikia vilio kabla hatujaiona nyumba. Wanawake walikuwa wakishuka njia ndogo mbio, mikono kichwani. Mmbone alikuwa mbele. Aliupita mlango wa dereva, hakumtazama aliyeketi pale na ndevu za miaka kumi na moja, akajitupa juu ya kasha akilia jina la kaka yake. Nimeona mengi hapa Kayole, lakini sijawahi kumwona mtu aliye hai akisikiliza matanga yake mwenyewe. Luvai alishika usukani kwa mikono miwili na hakuweza kushuka.

Kisha Mzee Asava akatoka. Alikuwa mrefu, amekonda, miguu mitupu, vifungo vya shati vimekosewa, jirani mmoja amemshika kiwiko. Watu wakampisha. Alifika nyuma ya gari, akaweka mkono juu ya kifuniko, akayapapasa yale maua ya Musyoki moja moja. 

Ndipo Luvai aliposhuka. "Baba," alisema. "Mimi niko hapa. Hapo ndani ni bampa."

 Mmbone aliinua uso, akapiga ukelele mwingine, huu wa hofu. Mzee aligeuka, akamshika mwanawe mashavu, masikio, ndevu, akamshika tena. Nikadhani sasa yamekwisha, nikashusha pumzi. Lakini ile hofu ilipomtoka, hasira ilichukua nafasi yake.

"Unaniletea jeneza," alisema. "Mimi mzee. Unaniletea jeneza nyumbani."

"Baba, ni sanduku ya vipuri."

"Na gari iko wapi?"

"Hii hapa, Baba. Ni yako. Inanguruma."

Mzee alifuata ubavu wa gari kwa kiganja. Hakugusa boneti, wala usukani. Alienda moja kwa moja kwenye mlango wa kushoto, chini ya dirisha, na mkono wake ukapita palipo laini. Ukarudi. Ukapita tena. Mimi nilikuwa hatua mbili tu kutoka pale, na nilihisi kama mkono ule unanipapasa mimi.

"Hii si gari yangu."

"Baba, ni yenyewe."

"Gari yangu ina pigo la mama yako hapa. Alitupa mchi wa kinu, siku Mmbone alipobatizwa. Mimi nilichelewa, nilikuwa kwenye mashindano, nikarudi na kikombe mkononi wakati watu wameshakula. Nikamwambia nitarekebisha. Akasema wacha hivyo, ikukumbushe." Alipapasa tena pale. "Tangu afe, nangoja kushika hapo. Sasa unaniletea jeneza haina maiti, na gari haina Kageha."

Luvai alikuwa amesimama kama aliyepigwa ubao. "Nyinyi mlituambia ni ng'ombe alipiga," alisema.

"Tungewaambia nini, watoto? Kwamba mama yenu alirusha mchi?"

"Baba, sikujua. Naapa ni yenyewe. Mutinda aliinyorosha na nyundo. Ilinyoroka kabisa."

Alikuwa ananitetea. Mzee alisikiliza, akatikisa kichwa, na sauti yake ikashuka. "Basi mmemfuta," alisema. Akamgeukia jirani yake ili amrudishe ndani.

Ndugu zangu, nilisimama pale nikiona mambo mawili. Nikinyamaza, jina langu linabaki safi, na rafiki yangu anarudi Huruma asikanyage tena kwao. Nikisema, hadhara nzima ya Vihiga itajua mimi ni mtu wa puti, na yeye atajua nilimwapia uongo. Ningependa kuwaambia sikusita. Nilisita, mzee akatembea hatua nne.

"Mzee, sikuinyoosha," nilisema. "Iko hapo chini. Nilifunika tu."

Luvai alinigeukia. Nikatoa kile kitambaa, nikaweka sumaku kwenye bawa, ikashika. Nikaiweka chini ya dirisha, ikaanguka kwenye nyasi, na nikaisikia ikianguka kana kwamba ni jiwe. Sikumtazama usoni. Nilifungua kasha la Musyoki, nikatoa patasi na msasa, nikapiga magoti.

Ilinichukua zaidi ya saa moja. Waliokuja kulia matanga walileta viti wakaketi, maana hakuna aliyetaka kuondoka bila kuona mwisho. Rangi yangu ilitoka kwanza, matabaka yote matano, halafu puti ikaanza kutoka vumbi vumbi, ikanijaa kwenye kope. Patasi iligusa chuma. Nikaacha patasi, nikaendelea kwa msasa na vidole. Kibonyeo kilitokea taratibu, ukubwa wa bakuli, na katikati kina kishimo kirefu ambacho mwaka juzi sikukijali. Ilikuwa alama ya kichwa cha mchi.

Mzee alikuja mwenyewe, bila kushikwa. Aliweka kiganja, kikakaa pale sawasawa.  Aliponena, hakunitazama mimi wala mlango.

"Mmbone," alisema, "kaka yako amesimama nje kwa nini? Shika kuku."

Kurudi Kayole

Kuku alipokuja na ugali na mrenda, Mzee Asava aliichukua ile firigisi, ambayo kwao ni ya mwenye nyumba, akaiweka kwenye sahani ya Luvai. Mimi nilipewa shingo, na nadhani ilikuwa haki. Tuliponawa, Luvai alinigeukia.

"Uliniapia na mikono yako," alisema.

"Ndiyo."

"Ungekuwa fundi mzuri kuliko hivyo, leo baba angekuwa amenifukuza." Alitazama vidole vyake. "Sasa sijui nikushukuru ama nikuchape."

"Anza na moja," nilimwambia. Hakucheka, lakini alinimiminia chai.

Asubuhi alimzungusha babake hadi Chavakali na kurudi. Mzee alikaa upande wa kushoto, ule wa mkewe, kioo kimeshushwa, mkono umetoka nje, kiganja kwenye kibonyeo. Ndiyo picha mliyoiona. Mmbone ndiye aliyeipiga. Mzee amekataza rangi isiguse pale. Amesema kutu ikija, ataipaka mafuta mwenyewe. Luvai amebaki huko na hajasema atarudi lini, nami sikumuuliza, maana akisema wiki mbili nitajua ni uongo.

Nilirudi kwa basi, mikono mitupu. Nilipotaka kulitoa kasha la Musyoki, Mzee Asava alinizuia kwa fimbo yake. "Acha hiyo," alisema. "Nimeshika maua yake. Ni kazi nzuri. Si ya leo, lakini iache."  Musyoki nilipomwambia, aliuliza kama mzee angependa jina lichongwe kwenye kifuniko.

Sasa wengine wenu, magari yenu yamepita mikononi mwangu. Niliwaambia nyundo tupu, mkaniamini kama Luvai alivyoniamini. Jumapili nitakuja Fedha na ile sumaku ya mzee wa Nakuru. Msihangaike kuitembeza. Nitapita kwenye mstari mwenyewe, gari moja baada ya jingine, niwaonyeshe ni wapi itaanguka.